Sinia la Ahmada

Ole, Pemba
9 Julai 1959

Kwa ndugu yangu Mwatum binti Ame,

Salamu kwanza, habari baadaye, maana nikianza na habari nitasahau salamu, nawe utawaonesha barua hii majirani zako wote wa Ng'ambo kuwa kaka yako hana adabu. Sisi wazima. Wifi yako Mize mzima pia, ila ananiambia nimenenepa, na mie namwambia ni shati ndilo lililopungua.

Barua yako nimeipata kwa Mzee Jaribu aliyekuja na meli, kaikunja ndogo kama tambuu. Unasema daktari amemruhusu mumeo. Mwaka mmoja na ushei hospitali umetosha, akili ya Ahmada imetulia, amepewa vidonge vyake, na sasa anaweza kurudi kwao. Alhamdulillahi. Kisha unaniuliza neno moja: akirudi, ana pahala msikitini?

Swali gani hilo, Mwatum? Msikiti wetu mlango wake hauna hata komeo. Mie ndiye ninayeadhini tangu yeye aondoke. Ilisemwa ni kwa muda, lakini muda wenyewe umeota ndevu. Sauti yangu unaijua. Mize anasema nikianza tu, kuku wa Bi Mwanawema huingia bandani, hata ikiwa adhuhuri. Ahmada akirudi, watakaofurahi wa kwanza ni kuku.

Ama ile siku ya Ramadhani ya mwaka jana, watu bado wanaisimulia, siwezi kukuficha, lakini kwa kucheka. Kila anayeisimulia huongeza wingu. Mvua ya masika ile, jua halijaonekana tangu asubuhi, na Ahmada, ambaye sote hatukuwa tumejua bado kuwa hayuko sawa, akaadhini magharibi na alasiri haijakauka. Kijiji kizima tukafuturu. Nilikuwa na tende mdomoni na bakuli la uji mkononi, wingu likafunguka, na jua likatutazama hivi. Ikawa kila mtu na siku yake ya kulipa, isipokuwa Bi Mwanawema, ambaye kwa uziwi wake hakusikia adhana yoyote, akatoka mshindi. Mpaka leo anatutambia.

Njooni. Nyumba yenu nimeiezeka upande mmoja. Upande wa pili utaezekwa, inshallah, mgongo wangu ukikubali.

Kaka yako,
Vuai


Ng'ambo, Unguja
21 Julai 1959

Kaka Vuai, shikamoo.

Umenichekesha, na hukunijibu. Ndivyo ulivyo tangu tukiwa wadogo: mtu akikuuliza njia humpa hadithi ya punda aliyepita hapo.

Nilipouliza pahala sikuuliza mlango. Unakumbuka siku zile za mwisho kabla sijamleta huku? Nikienda kisimani, kila mwanamke hukumbuka kaacha chungu jikoni. Shoga yangu wa chanda na pete alifariki, nisiende msibani, kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja wa kukaa na Ahmada mchana mmoja. Waliokuja kwetu walikuja kumsomea. Wakimwona njiani, wanamsomea. Akienda dukani kununua chumvi, anarudi kanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa. Sikatai Kurani, kaka, nani wa kuikataa? Lakini mtu akisomewa kila anapoonekana hujihisi yeye ndiye jini, Ahmada hayupo tena.

Kwa hiyo nakuomba uwaambie watu. Akija kusali, waachwe asali kama mtu mwingine. Na mie nipate mtu wa kunishika mkono, mchana mmoja kwa wiki, nitoke, niwaone watu, nilale nikipenda. Sitaki kingine.

Yeye adhana haitaki tena. Anasema ataijaza maji birika ya msikiti wanayotawadhia watu, basi, inamtosha.

Na jambo jengine. Kila anayetoka Pemba kuja kututazama, Ahmada humuuliza swali hilo hilo: watu wa Ole wanasemaje juu ya siku ile? Nimwambie nini?

Mdogo wako,
Mwatum


Ole
4 Agosti 1959

Ndugu yangu Mwatum,

Mwambie hatoisikia tena siku ile. Sikiliza ilivyokuwa.

Ijumaa baada ya sala nilisimama. Unajua nikisimama watu hudhani nataka kuwatangazia mbuzi aliyepotea. Nikawasomea barua yako, si yote, pale palipohusu. Shehe Othman, imamu wetu, kainamisha kichwa anasikiliza. Ngwali yuko nyuma kama kawaida yake. Huyo Ngwali ndiye bingwa wa kuigiza siku ile. Anaiga adhana, anaiga tende, ananiiga na mie na tumbo langu.

Nikamwambia, "Yakhe, na wewe uache."

"Kwani siri?" akasema. "Mie siku yangu nimeilipa juu ya mkarafuu, jua la utosi, na kiu ile naikumbuka. Nisicheke?"

Shehe Othman akainua kichwa. "Usicheke. Ahmada anaona haya, ndiyo maana anauliza. Atakayemtajia siku ile, na asinijie tena na kisa chake chochote. Tuifunike. Mtu afunikwe aibu yake."

Wakaitikia wote. Mwatum, usiwaone watu wanavyoishi hapa siku hizi. Kwa ajili ya vyama vya siasa, kuna ndugu wasioitikiana salamu, na mtu analipita duka la jirani akaenda la mbali kwa sababu ya rangi ya kadi. Hili wamelikubali kwa pamoja, hawa na wale. Nilitaka kulia, nikakohoa.

Mkiwahi Maulidi ya mfungo sita, atapokewa mapokezi ambayo hajapata kuyaona. Ama hayo ya birika, mwambie asijisumbue. Silima ndiye anayechota, ataendelea. Hatuwezi kumpokea mtu kwa kumpa ndoo. Na Mize atakuja kwako, na wenziwe atawaambia.

Vuai


Ng'ambo
19 Agosti 1959

Kaka, shikamoo.

Tunapanda meli wiki ijayo. Nimemwambia Ahmada ulivyoandika, kuwa watu wa Ole hawataitaja tena siku ile. Kisha akaniuliza, "Hata wewe hukuwaambia waitaje?" Nikamwambia kwa nini niwaambie hivyo. Nadhani amefurahi, ila hakuonesha.

Mwambie wifi Mize namletea kanga.

Mwatum


Ole
18 Septemba 1959

Mwatum,

Nimekuja kwenu leo asubuhi na mkungu wa ndizi, nimekuta mlango una kufuli. Nimegonga kwa adabu, kisha bila ya adabu. Bi Mwanawema akatoka kwake kuniambia, kwa sauti ya kusikika Weti, kuwa mmekwenda Vitongoji kwa shangazi Khairiya, na godoro mmechukua. Mtu akichukua godoro, huyo hakwenda kutembea.

Kumetokea nini? Nimekaa na ndizi zangu kizingitini nikifikiri nimekosa wapi, na sipaoni. Maulidi yalikwenda vizuri mno. Nakwambia kwa sababu wewe ulikuwa upande wa wanawake hukuona.

Ahmada kaja kapendeza, kanzu imenyooka. Kaoneshwa pahala mbele. Hakuna aliyemsomea. Udi umefukizwa, mrashi umepita, na yeye kapata marashi yake. Wakati wa chakula, sisi sote tumekaa kama siku zote, watano watano kwa kila sinia, tunagombania upande wenye nyama. Yeye Shehe Othman kaamuru atengewe sinia lake. Sinia zima, Mwatum. Wali umepanda kama kichuguu, na nyama ya nundu juu yake, na zulia jipya chini. Hata maji ya kunawa kamiminiwa na Silima. Hata mie nilimwonea wivu, na sinia letu lilikuwa na mtu kama Ngwali, ambaye mkono wake una macho.

Na ahadi tumeitimiza. Ngwali alifumba mdomo mpaka nikamhurumia, mishipa imemtoka. Mara moja tu Ahmada mwenyewe aliinua macho akasema, "Jamaa, mie ile Ramadhani..." Shehe Othman akamkatiza kwa upole: "Kula, mwanangu, wali utapoa." Na sote tukasema, kula, kula.

Akala kidogo, akasema ahsanteni. Nikadhani kashiba.

Nijibu upesi. Ndizi zinaiva.

Vuai


Vitongoji
27 Septemba 1959

Kaka Vuai, shikamoo.

Alirudi nyumbani akakaa kitandani na kanzu yake. Nikamuuliza vipi Maulidi. Akasema, "Nimelishwa." Hakusema nimekula.

Sinia la watu watano, kaka. Sisi lini tukamtengea mtu peke yake? Anayekuja mgeni mkubwa, hata awe liwali, watu hukaa naye, humsogezea nyama upande wake. Anayetengewa chombo ni mwenye maradhi ya kuambukiza. Ahmada kazaliwa Ole, msikiti ule kaubebea mawe na babake, na siku ile kakaa juu ya zulia peke yake, watu wote wanamtazama mkono unavyokwenda na kurudi. Najua hamkukusudia. Ndiyo maana sikuja kukugombeza, nimechukua godoro tu.

Sasa nitakwambia nililoona haya kukuandikia tukiwa Unguja. Ahmada anafunga. Jumatatu na Alkhamisi, na siku nyengine kwa kuniibia. Anawalipia nyinyi. Kajiwekea kuwa kila mtu wa Ole aliyefuturu jioni ile ana siku yake shingoni mwake. Nimemwambia aliye hai hulipa mwenyewe, na wao washalipa, wameshasahau. Hunijibu neno moja: "Hawajaniambia." Na vidonge vile daktari kasema avinywe kashiba. Akifunga, havinywi.

Alikuwa akiuliza watu wanasemaje, wewe ukafahamu anaogopa kutajiwa. Na mie nikafahamu hivyo hivyo, sikulaumu peke yako. Kumbe alikuja Ole kwa ajili ya kutajiwa. Alitaka Ngwali amcheke, na yeye acheke, hata wamtukane kidogo, kisha mtu aseme basi, Ahmada, tumekusamehe. Alipofungua mdomo aombe radhi mwenyewe, mkamwambia kula.

Na wifi Mize alikuja siku moja. Alikaa mlangoni. Viatu hakuvua.

Mwatum


Ole
8 Oktoba 1959

Mwatum,

Barua yako nimeisoma, kisha nimempelekea Shehe Othman nikamsomea, yote mara hii. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nilidhani namfunika." Akavaa viatu vyake, akavua, akavaa tena, akabaki pale pale.

Mize amelia. Anasema aliogopa, na hakujua anaogopa nini. Mie sikuwa na mzaha wa kumpa.

Tutakuja Vitongoji. Msimu umepamba moto, watu wote wako juu ya mikarafuu, hata watoto. Karafuu zikipungua tutakuja, na tutasema.

Vuai


Vitongoji
25 Oktoba 1959

Kaka,

Msingojee karafuu.

Vidonge ameacha kabisa. Nikimpa huviweka chini ya ulimi, akenda kuvitema uani. Juzi katoka asubuhi, kasimama kando ya diko wavuvi wanashusha samaki, kaadhini magharibi. Sauti ile ile, kaka, hata wavuvi waliinyamazia kwanza. Kisha watoto wakaanza kumfuata. Nilimrudisha mie na shangazi, na shangazi yule magoti hana.

Usiku na mchana niko naye. Sijui lini nimekaa na mtu nikazungumza habari ya kanga au ya bei ya dagaa. Njooni angali ananijua.

Mwatum


Vitongoji
14 Novemba 1959

Ndugu yangu Mwatum,

Nakuachia barua hii kwa shangazi Khairiya, maana jua linatutupa mkono na baskeli zetu hazina taa. Nimefurahi ulipotuona tu ukajitanda buibui ukenda zako Pujini kwenye matanga. Shangazi anasema ulikuwa ukitembea kama uliyefunguliwa kamba. Usirudi mbio siku nyengine.

Tulikuja wanne: Shehe Othman, Silima, Ngwali na mie, niliyepumzika njiani mara nyingi kuliko unavyohitaji kujua. Shangazi katupakulia muhogo na samaki kwenye sinia moja. Tukakaa na Ahmada, watano, magoti yanagusana. Amekonda, Mwatum. Nilikuwa sijui kuwa amekonda hivyo.

Ngwali ndiye aliyeanza, na sikumtuma. Kasema, "Ahmada, yakhe, ulinifuturisha jua lingali juu. Nilikasirika, nikalipa siku yangu kwa kiu nikakutukana kila nikimeza mate. Sasa sikudai kitu. Nimekusamehe, na wewe nisamehe matusi." Akafuata Silima. Nikafuata mie, nikataka kutia neno la kuchekesha, halikuja. Akamalizia Shehe Othman kwa niaba ya watu wote wa Ole, wake kwa waume.

Ahmada kasikiliza kwa adabu sana, anatumegea samaki na kutusogezea. Kisha akauliza, "Siku gani hiyo?"

Tukamweleza. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa pole ya msiba wa jirani. Akamtazama Shehe Othman, akamwita "Daktari". Akaniuliza mie, "Na nyinyi watu wa wapi?"

"Wa Ole, shemeji."

"Ole nina jamaa zangu," akasema. "Ila wananidai."

Mwatum, Shehe Othman alifunika uso kwa kilemba chake, na hakukifunua mpaka tuliponawa mikono. Tukamwambia tena, kila mtu kwa zamu yake, kama hatukusema mwanzo. Akatwambia ahsanteni.

Ulituandikia tuje angali anakujua. Tumechelewa, na sina la kulipaka sukari hilo.

Kidonge kimoja kala mbele yetu. Silima alikichukua akajifanya anakila yeye, Ahmada akacheka akampokonya. Tutarudi Ijumaa, baada ya sala. Kila Ijumaa, wawili wawili, Shehe Othman kapanga, na wa chama hiki atakuwa na wa chama kile, kwa sababu baskeli nzuri mbili ziko kwa mahasimu. Mize atakuja na gari la Chake siku za Jumatatu. Kaniambia nikuandikie kuwa viatu atavua.

Vuai


Vitongoji
24 Februari 1960

Kaka Vuai, shikamoo.

Mizigo mliyoniletea nimeipata. Mwambie Shehe Othman ahsante kwa tende, na kwa fatwa yake aliyoitoa mbele ya Ahmada, kuwa mwaka huu Ramadhani ikiingia yeye hafungi, na ale mchana bila ya kujificha. Kamwambia kama anavyomwambia mtu mzima, na Ahmada kaitikia.

Tangu mlipoanza hamjakosa Ijumaa hata moja, hata ile ya mvua aliyokuja Ngwali kavimba goti kwa kuanguka na baskeli, akatushikilia kuwa ni jiwe lililomfuata yeye. Vidonge anakunywa mkiwapo, na siku hizi na nisipokuwapo pia, kwa mkono wa wifi. Mize hukaa naye ukumbini akamsimulia habari za Ole ambazo nyengine naziona za uongo. Mie Jumatatu hulala. Hulala hasa, kaka, mpaka mate yananitoka. Nimekwenda harusini mara moja. Wanawake wa hapa wameanza kunipigia hodi, kwa sababu wanaona watu wengine wanaingia na hawatoki na kitu.

Sikwambii amepona. Siku nyingi hayupo. Huniita Bi, huniuliza kama mwenye nyumba kaniruhusu kupika jikoni mwake. Namwambia kaniruhusu.

Jana alasiri alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Akaniita jina langu. Akaniuliza, "Mwatum, wale watu wa Ole huja kufanya nini?"

"Huja kula na wewe," nikamwambia. "Na kukwambia wamekusamehe."

"Siku ile ya mvua?"

"Siku ile ya mvua."

Akazisokota zile nyuzi kidogo. Alikuwa yeye, kaka. Nilimjua kwa macho. Akasema, "Waambie na mie nimewasamehe."

Sikumuuliza kawasamehe nini.

Leo asubuhi aliniita Bi tena, na akaniuliza jamaa zake wa Ole wanamdai kiasi gani. Mje Ijumaa kama kawaida, mumwambie.

Mdogo wako,
Mwatum